Mgongo wa Kayla

Kati ya tabia zote za binadamu, haya ndiyo inayowasumbua zaidi waongozaji wa filamu. Mwenye hasira atavunja sahani, mwenye huzuni atalia. Mwenye haya hafanyi kitu, na hadithi yenyewe imo humo katika kutofanya kwake. Mwandishi wa riwaya ataingia kichwani mwake atuambie anachowaza, lakini filamu imepewa uso, mwili na sauti tu. Ndiyo maana filamu nyingi za Marekani kuhusu vijana huikwepa kazi hiyo: binti huvuliwa miwani, hutengenezwa nywele, na siku ya dansi ya shule maneno yanamtiririka, kana kwamba ulimi wake ulikuwa umefungwa na fremu ya miwani. Bo Burnham hakuikwepa katika Eighth Grade, filamu yake ya mwaka 2018.

Tazama tukio la bwawa la kuogelea. Kayla Day yuko katika wiki ya mwisho ya darasa la nane, na wenzake wamempigia kura kuwa ndiye mkimya kuliko wote. Kaalikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya binti asiyemtaka. Mama wa binti huyo ndiye aliyeshikilia aalikwe. Kayla anajifungia bafuni, pumzi zinamwenda mbio, kisha anatoka na vazi lake la kijani la kuogelea, mabega ameyakunja, mikono imelikumbatia tumbo. Kamera inamfuata kwa nyuma. Tunaona mgongo uliopinda, na mbele yake watoto wakirukaruka majini, huku muziki wa kielektroniki wa Anna Meredith ukinguruma kana kwamba maji yale yana papa. Hakuna aliyemtukana wala kumcheka. Mwongozaji mwingine angemweka mchokozi pale ili tujue hofu inatoka wapi. Burnham anautegemea mgongo, nao unatosha.

Kuna atakayesema huo si ufundi wowote: mwigizaji Elsie Fisher alikuwa na umri wa mhusika wake, chunusi zake zilikuwa za kweli, basi kamera iliwashwa na maumbile yakafanya yaliyobaki. Hoja hiyo ingesimama kama kusitasita kwa Kayla kungekuwa kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Peke yake chumbani, akirekodi video za kuwashauri wengine jinsi ya kujiamini, anajikwaa kwenye kila sentensi lakini hanyamazi. Mezani na baba yake anaziba masikio kwa vipokea sauti vya simu, na akijibu, anajibu kwa ukali. Haya imegeuka ujeuri, kwa kuwa nyumbani ndiko mahali pekee pasipo hatari. Mbele ya wasichana maarufu anacheka kabla hajajua kinachochekesha. Ngazi hizo zimepangwa na mtu anayejua kwamba mtoto mmoja ana ukimya wa aina nyingi.

Pingamizi zito zaidi liko katika lugha yetu. Kwa Mswahili haya ni pambo, na kumwambia mtu hana haya ni tusi. Kwa nini basi ukimya wa binti ufanywe ugonjwa wa kutibiwa? Lakini mwenye haya kwa maana yetu hunyamaza kwa kuwajali waliopo. Kayla hunyamaza kwa sababu amejikodolea macho mwenyewe, kwa hiyo hawaoni wenzake kabisa. Filamu haimtaki awe msemaji. Inamtoa macho kwenye nafsi yake, na inafanya hivyo kupitia Gabe, mvulana mwembamba aliyemwibukia majini siku ile akitaka washindane kubana pumzi. Kuelekea mwisho Gabe anamkaribisha nyumbani kwao. Chakula ni vipande vya kuku vya kukaanga na sosi zake, mwenyeji kajitahidi kama anayempokea balozi, mazungumzo yanakatika na kuungwa tena. Kayla anabaki msichana asiye na maneno mengi, ila safari hii anamtazama anayezungumza naye.