Itafute Kadi Iliyokwama

Muuzaji wa programu ya kusimamia miradi hukuonyesha ubao ambao timu yako haitawahi kuwa nao. Kadi zake ni chache, kila moja ina mwenyewe, zote zinahama kutoka safu hadi safu bila mzozo, na ikifika Ijumaa mstari wa grafu umeshuka hadi sufuri. Mnunuzi wa viazi kule Molo hadanganyiki hivyo. Vile vikubwa vilivyopangwa juu havimshughulishi. Hutia mkono chini ya gunia. Nawe ukipewa wiki mbili za majaribio ya bure, usizimalize kwa kutazama kazi zinazokwenda vizuri, maana hizo zingekwenda hata kama zingeandikwa ukutani kwa chaki. Itafute kadi iliyokwama. Ubora wa programu hizi hupimwa hapo, na mengi ya yale yanayosifiwa kwenye matangazo ni mapambo.

Nazungumzia timu za aina tulizo nazo huku: watu watano, sita, wanane, chumba kimoja juu ya duka mjini Nakuru, mmoja anafanyia kazi nyumbani Njoro, mwingine bado anamalizia masomo Egerton au Kabarak. Mteja ni chama cha ushirika cha maziwa, shule ya bweni, zahanati, au shamba la maua la Naivasha linalotaka kujua ni maboksi mangapi yametoka leo. Mtindo wa kazi ni ule unaoitwa ajaili: kazi hukatwa vipande vidogo, mteja huonyeshwa kila baada ya wiki mbili, hulalamika, mkarekebisha, mkaendelea.

Mtindo huo una hati yake, iliyoandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, katika milima ya Utah, Marekani. Jambo la kwanza walilolitanguliza ni watu na maelewano yao, mbele ya taratibu na zana. Mwaka uliofuata kampuni ya Atlassian ya Sydney ikatoa Jira, na tangu hapo zana hazijakoma kumiminika.

Anayejua kuchagua huanza na nasaba. Jira ilizaliwa kufuatilia hitilafu, na hadi leo ina tabia za karani: kila kitu kina nambari, aina, hali, na ruhusa ya nani abadilishe nini. Trello ilitoka Fog Creek Software ya New York mwaka 2011 ikiwa ukuta wa kadi tu, na ingawa Atlassian iliinunua mwaka 2017 kwa dola milioni 425, bado ni ukuta wa kadi. Redmine ya mwaka 2006 ni programu huria ya kuweka kwenye seva yako mwenyewe, na sura yake haijajali sana fasheni. Linear, ya 2019, imejengewa wasanidi programu wasiopenda mkono wao uondoke kwenye kibodi. Ukiulizwa ipi ni bora, uliza kwanza kazi yenu hukwama wapi. Timu ambayo hitilafu zake hupotea bila kumbukumbu inahitaji karani. Timu ambayo hakuna ajuaye mwenzake anafanya nini inahitaji ukuta.

Sasa tuitazame kadi yenyewe. Tuseme mnatengeneza mfumo wa kupokea maziwa: karani anapima kilo kituoni, mkulima anapata ujumbe kwa simu, mwisho wa mwezi malipo yanatumwa kwa M-Pesa. Kadi ya "Malipo ya M-Pesa" imeingia safu ya "Inafanywa" Jumatatu. Alhamisi msimbo uko tayari, lakini nambari ya Paybill ya ushirika haijapatikana, kwa sababu mweka hazina hajaleta karatasi zilizotiwa sahihi. Msanidi aliyeishika akachukua kazi nyingine. Nani angekaa bure? Wiki mbili baadaye kadi iko palepale, kwa rangi ileile, na picha ya mwenyewe ileile, na haitofautiani hata kidogo na kadi iliyoingia leo asubuhi. Programu inayoliruhusu jambo hilo ni mbovu, hata iwe na grafu arobaini.

Programu nzuri huizeesha kadi mbele ya macho ya watu. Trello ina nyongeza inayoifanya kadi isiyoguswa ififie kadiri siku zinavyopita, na kwa wanaopenda mzaha iko hata namna ya kuifanya iwe ya manjano na ichanike mithili ya ramani ya maharamia. Jira inaweza kuweka vidoti pembeni mwa kadi kuonyesha siku ilizokaa katika safu yake. Lakini mambo haya mara nyingi huja yakiwa yamezimwa, na sharti mtu ayatafute kwenye mipangilio ayawashe. Kwa hiyo siku ya kwanza ya majaribio tengeneza kadi moja, iache, usiiguse. Rudi baada ya wiki. Je, jicho lako limeiona kabla hujaanza kuitafuta?

Kisha tazama pa kuandikia sababu. Timu nyingi hufungua safu nzima na kuiita "Imekwama". Mimi siipendi safu hiyo. Kadi ikishahamishiwa huko, ubao hauonyeshi tena kama ilikwama wakati wa kuandika msimbo, wakati wa kupima au mikononi mwa mteja, na kwa kuwa safu hiyo si ya mtu yeyote, asubuhi hakuna anayeanza nayo. Afadhali alama inayobandikwa juu ya kadi ikiwa hapohapo ilipo, pamoja na sentensi inayosema inasubiri nini, kutoka kwa nani, tangu siku gani. Programu inayokupa rangi nyekundu bila nafasi ya sentensi hiyo imekupa kengele bila kukuambia moto uko wapi.

Kukwama kwingine hakutoki kwa mteja. Kunatokana na tamaa yetu ya kuanza mambo mengi. Kadi za kanban, asili ya mbao hizi, zilianzia viwandani kwa Toyota chini ya Taiichi Ohno, na siri yake ilikuwa kikomo: kazi mpya haiingii mpaka iliyotangulia itoke. Hesabu ni nyepesi, na John Little aliithibitisha mwaka 1961. Chukua idadi ya kazi zilizo wazi, gawanya kwa zinazokamilika kila wiki, utapata wastani wa muda wa kazi moja. Kadi 18 zikiwa wazi na timu inamaliza 3 kwa wiki, kila kadi itachukua kama wiki sita, hata mkikesha. Zikiwa wazi 6, ni wiki mbili, kwa watu walewale na mishahara ileile. Basi weka kikomo cha kadi tatu kwenye safu moja, halafu ingiza ya nne uone. Ziko programu zinazogeuza safu iwe nyekundu, ziko zinazokataa katakata, na ziko zisizojua kikomo ni kitu gani. Kwa timu ndogo nyekundu inatosha. Ile inayokataa kabisa huwafundisha watu kufanya kazi nje ya ubao.

Na nje ya ubao, kwetu, maana yake ni WhatsApp. Huyu ndiye mshindani halisi wa programu zote nilizozitaja. Meneja wa ushirika anatuma saa tatu usiku: "Boss, habari ya jioni, ile ya maziwa imefika wapi?" Kabla hujajibu, unafuata ujumbe wa sauti wa dakika mbili, na ndani yake mna mabadiliko matatu, salamu kwa familia na lawama moja ya upole. Ujumbe huo ukibaki huko, umezaliwa umekwama. Pima basi kwa simu, siyo kwa tarakilishi ya ofisini: kutoka kwenye ujumbe huo hadi kadi iliyoandikwa, ni miguso mingapi? Ikizidi nusu dakika, jueni kadi hazitaandikwa. Hapa visanduku vya lazima ndivyo vinavyoua. Jira ambayo haijaguswa na msimamizi mwenye bidii ni nyepesi kuliko sifa yake. Balaa huanza anapoamua kwamba kila kadi sharti iwe na kipaumbele, toleo, idara na makadirio kabla ya kuhifadhiwa. Kila kisanduku kama hicho ni sababu ya kurudi WhatsApp.

Mtandao nao lazima uingie kwenye mtihani. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Wala seva za mbali si salama kwa kuwa ziko mbali: Aprili 2022 hati ya amri iliyoendeshwa na Atlassian kimakosa ilifuta tovuti za wateja wapatao 775, na baadhi yao walikaa karibu wiki mbili bila kuona kazi zao. Andika maoni marefu kwenye kadi, zima data katikati ya sentensi, maliza kuandika, bonyeza kuhifadhi, kisha washa data. Maneno yako yapo? Trello kwenye simu huyahifadhi na kuyatuma mtandao ukirudi. Nyingine huzungusha duara, halafu zikayameza. Fungua pia ubao kwa bando la simu yako mwenyewe, maana ukurasa unaofunguka haraka kwa Wi-Fi ya ofisi unaweza kukuchosha ukiwa ndani ya matatu.

Ripoti ndizo zinazowavutia mabosi, na ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Programu nyingi huhesabu pointi, yaani makadirio ya ukubwa wa kazi, za kila sprinti (kile kipindi cha wiki mbili) na kuchora kasi ya timu. Mwongozo wa mwaka 2020 wa Scrum, mtindo mmojawapo wa ajaili, hauzitaji pointi hizo popote, na Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 wa Snowbird, ameandika kwamba huenda yeye ndiye aliyezibuni, na kama ni yeye, anasikitika. Bado zinaweza kusaidia timu ikizitumia yenyewe kwa makadirio. Kasoro ni jedwali linalopanga majina ya watu kuanzia mwenye pointi nyingi hadi mwenye chache. Jedwali hilo likifunguliwa mara moja tu mbele ya mkurugenzi, hakuna tena atakayebandika alama ya kukwama kwenye kadi yake. Ataihamisha ivuke safu moja, aombe Mungu. Ubao utapendeza kama ule wa muuzaji, na mteja ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua ukweli. Ukikuta ripoti ya namna hiyo, uliza kama inaweza kuzimwa. Yenye thamani ni ile inayoonyesha kadi zilichukua siku ngapi tangu kuanzwa hadi kukamilika, na zilikaa safu ipi kwa muda mrefu zaidi.

Anayetaka kulizoeza jicho ana mfano mzuri mwisho wa barabara ya kutoka Nakuru inayopanda Timboroa. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza 2004 katika ushirikiano kati ya watu wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya vya nchi hii, imejengwa juu yake. Tiketi za OpenMRS hufuatiliwa hadharani kwenye Jira. Tenga jioni moja uzisome, hasa zilizokaa muda mrefu. Tazama ile ambayo mgeni kabisa anaweza kuichukua kesho, kwa sababu aliyeifungua alieleza tatizo, akaonyesha jinsi ya kulirudia, akasema litahesabiwa limekwisha lini. Kisha tazama yenye mstari mmoja, ambayo hakuna awezaye kuisaidia. Historia iliyo chini ya tiketi, ya nani alibadilisha nini na tarehe ipi, ndiyo inayouwezesha mradi wa watu wa nchi nyingi kuishi baada ya wengine kuondoka. Hapo hata mimi mpenda kuta nakubali kwamba karani ana kazi yake.

Mawili ya haraka. Picha za skrini zinazobandikwa kwenye kadi hubeba majina ya wakulima, nambari zao za kitambulisho na simu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitajali kwamba ilikuwa kadi ya hitilafu tu. Mwaka 2018 mbao za Trello zilizoachwa wazi na wenyewe zilipatikana kwenye Google zikiwa na nywila ndani. Kagua mpangilio wa nani anaweza kuuona ubao kabla ya kuandika chochote. La pili ni kutoka. Pivotal Tracker, iliyopendwa na timu nyingi kwa miaka, ilifungwa 30 Aprili 2025. Kwa hiyo siku ya tatu ya majaribio omba data yako yote, ifungue, uone kama maoni, tarehe na viambatisho vimo. Faili nyingi za jedwali hutoa vichwa vya kadi na kuacha mazungumzo nyuma.

Bei nimeiweka mwisho kwa makusudi. Jira ni bure kwa timu isiyozidi watu 10, na Redmine ni bure kwa aliye na seva, nakala rudufu na mtu wa kuamka usiku. Ukishaanza kulipa, kadiria kwa shilingi, ongeza kodi ya VAT ya asilimia 16, na ukumbuke kwamba dola iliyokuwa zaidi ya shilingi 160 Januari 2024 ilikuwa imeshuka karibu na 130 kufikia katikati ya mwaka huohuo. Inaweza kupanda tena. Uliza pia kama mweka hazina wa ushirika, anayeingia mara moja kwa mwezi kutazama tu, anahesabiwa kuwa mtumiaji wa kulipiwa. Jibu hilo mara nyingi haliko kwenye ukurasa wa bei. Liko kwenye ukurasa wa msaada, karibu na mwisho.