UHAKIKI: MGENI HUWA MWENYEJI SIKU YA NGAPI?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia ni siku ya ngapi mgeni huyo atahesabiwa mwenyeji. Swali hilo limebebwa na *The Dragonfly Sea*, riwaya ya Mkenya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka mwaka 2019.

Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili kimetapakaa ndani yake. Chanzo chake ni tukio la kweli. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, msichana wa eneo la Lamu alipata ufadhili wa kusoma huko, kwa kuwa ilisemekana ana damu ya mabaharia wa Kichina. Juu ya tukio hilo mwandishi amemjenga mhusika wake Ayaana, binti wa kisiwa cha Pate.

Ubora wa kazi hii umo katika kulinganisha njia mbili za kuwa mtu wa mahali. Ayaana anapelekwa China kama "Mzao". Anapewa undugu wa damu kabla hajajulikana ni nani. Huku nyuma, Mchina mmoja amefika Pate, akaishi na watu, nao wakamwita Mzee Kitwana Kipifit. Jina lake limetokana na ujirani.

Msomaji wa Yoba, Gitega, atajiona hapa. Kwetu Burundi neno "Mswahili" halitaji lugha peke yake. Hutaja mtaa, mara nyingi dini, na pengine humaanisha "mtu wa kuja", hata kama anayeitwa hivyo alizaliwa papa hapa na Kirundi anakijua barabara.

Hata hivyo, riwaya ina pengo. Kipifit ni mtu mzima. Kijana wa Kichina anayeishi kati yetu hatumsikii. Katika tamthilia ya *Doudou na Mama Wakwe Zake*, iliyoonyeshwa na TBC mwaka 2011, vijana wa Kichina walitiwa sauti za Kiswahili, lakini hadithi yao ni ya kwao China. Wanaoishi kwetu wamebaki kuwa habari za magazeti. Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo dhidi ya Wachina yalikuwa yamesikika sana. Amri hiyo inasema nani asiuze rejareja. Haisemi kijana aliyejifunza Kiswahili sokoni anajionaje akiitwa "Mchina" na mteja anayelijua jina lake.

Kusema hayo ni kazi ya fasihi. Tunashauri riwaya hii isomwe na wanafunzi wetu, kisha waandike ile iliyokosekana, tena kwa Kiswahili. Aliyekulia Yoba akiulizwa "kwenu hasa ni wapi?" anayo mengi ya kumpa mhusika huyo.