Protini ya twiga na safari ya miaka 25,000

Twiga aliyekomaa katika nyika ya Mkomazi, jirani na kata ya Kwakoa wilayani Mwanga, ana neva moja ya ajabu. Inatoka kwenye ubongo, inateremka shingo nzima hadi kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu, kisha inapanda tena hadi kwenye zoloto, si mbali na ilikoanzia. Jumla yake hupita mita 4. Kila uzi mrefu ndani yake ni mkono wa seli moja, na protini nyingi za uzi huo hutengenezwa kule juu, ubongoni. Je, zinaweza kufika mwisho kwa kusambaa tu?

Kukadiria hilo kunahitaji kalamu na karatasi. Molekuli iliyo ndani ya maji hugongwa kila upande, ikaenda mbele, ikarudi, ikapotea njia. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha jinsi ya kuihesabu safari hiyo: chukua umbali, uzidishe kwa umbali uleule, kisha gawanya kwa mara mbili ya kiwango cha usambaaji. Umbali ukiongezeka mara 10, muda unaongezeka mara 100. Hapo ndipo penye kazi yote.

Kiwango chenyewe hupimwa. Njia mojawapo ni kuiwekea seli protini zinazong'aa kijani, kufifisha sehemu ndogo kwa mwali wa leza, kisha kuangalia mwanga unachukua muda gani kurudi hapo kadiri protini nzima zinavyoingia. Ndani ya bakteria protini hupata takriban mikromita za mraba 10 kwa sekunde. Katika maji matupu ingepata kama mara kumi ya hapo, lakini seli imesongamana; kupita humo ni kama kuvuka gulio siku ya mnada. Oksijeni ni ndogo na nyepesi: hufikia takriban 2,000 katika maji.

Sasa tugawanye. Oksijeni kuvuka seli nyekundu ya damu yenye unene wa mikromita 2: sehemu moja ya elfu ya sekunde. Milimita 1: dakika 4 hivi. Sentimita 1: karibu saa 7, na msuli unaofanya kazi hauwezi kungoja hivyo. Ndiyo maana vishipa vidogo vya damu vimetapakaa kila mahali mwilini. Protini nayo huvuka seli ya mikromita 20 kwa sekunde 20, muda usio mbaya hata kidogo.

Ila mita 4 za twiga zinahitaji takriban miaka 25,000. Twiga wa porini huishi kama miaka 25.

Kiwango tulichotumia ni cha bakteria, na makadirio haya yanaweza kukosea mara tatu au hata mara kumi. Hukumu haibadiliki: lazima kuwe na usafiri mwingine. Upo. Mwaka 1985 Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz walitambua kinesini, protini inayobeba mizigo juu ya reli nyembamba ndani ya neva. Mizigo ya kasi husafiri hadi milimita 400 kwa siku, kwa hiyo mita 4 humalizika kwa siku 10.