Dondoo Lisilo na Mwenyewe

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimezidi kupata nafasi katika shule zake. Lakini nafasi ya lugha katika ratiba si vitabu mikononi mwa wanafunzi. Mwalimu wa Mutaho aliye na nakala moja ya riwaya na darasa zima mbele yake hana budi kuiendea mashine ya fotokopi. Kwa hilo hatumlaumu. Tunachotaka kukihakiki ni kile kitokacho katika mashine: karatasi zilizobanwa pembeni, ambazo aghalabu hazina jalada, wala jina la mtungaji, wala mwaka wa kuchapishwa.

Tuchukue Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Mwanafunzi akipewa kurasa chache tu za mashtaka ya Karama mbele ya mfalme, bila jina wala mwaka, atasoma hekaya ya nchi ielekeayo angani, na atacheka. Akijua kwamba iliandikwa Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza, ataanza kuuliza kwa nini mwandishi aliipeleka nchi yake angani, na kwa nini kosa la mshtakiwa ni kufundisha. Huo ndio uhakiki wenyewe. Aliyekata jina na mwaka amekata na swali.

Sheria nayo haimkatazi mwalimu kama wengi wanavyodhani. Mkataba wa Berne, ambao Burundi iliingia mwaka 2016, katika kifungu chake cha 10 huziachia nchi ziruhusu kazi zitumiwe kufafanulia mafunzo, kwa kadiri ya haja na kwa uadilifu, mradi chanzo na jina la mtungaji vitajwe. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2001, ilitaja hata kipimo: mkusanyiko uliotengenezwa kwa ajili ya shule usichukue zaidi ya vifungu viwili vifupi vya kazi moja, na jina la kazi na la mtungaji yaonyeshwe. Kipimo hicho hakiwafungi walimu wa Burundi, lakini kwetu chaonekana cha busara.

Kunakili kitabu kizima ni jambo jingine. Mkataba huo hulinda kazi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mtungaji. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kwa hesabu hiyo ulinzi wake uliisha mwishoni mwa mwaka 2012. Ila dibaji na maelezo ya mhariri wa toleo la karibuni yana mwenyewe. Euphrase Kezilahabi alifariki Januari 2020. Rosa Mistika yake, ya mwaka 1971, italindwa hadi mwisho wa mwaka 2070 kwa uchache, na maktaba inayoinakili yote na kuiazimisha haiwezi kujikinga kwa neno "elimu". Mchapishaji asiyeuza hachapi tena, na darasa la mwakani litaikosa hata ile nakala moja.

Ndugu zetu wa maktaba husema kwamba karatasi ni ghali. Ni kweli. Lakini jina, anwani ya kitabu, mchapishaji na mwaka huenea katika mstari mmoja juu ya dondoo, na mstari huo hauhitaji karatasi ya pili.