Michoro ya Watoto wa Terezín na Jinsi Inavyosomwa

Katika Makumbusho ya Wayahudi mjini Prague imehifadhiwa michoro ipatayo 4,500 iliyofanywa na watoto waliofungwa Terezín, mji wa ngome katika nchi ya Cheki ambao Wajerumani waliugeuza kuwa kifungo cha Wayahudi mwishoni mwa mwaka 1941. Mengi yameandikwa juu ya michoro hiyo, na aghalabu waandishi huishika kila karatasi kama barua yenye habari ya siri: ua ni tumaini, kipepeo ni uhuru, nyumba isiyo na mlango ni hofu. Usomaji wa namna hii wavutia, walakini una kasoro kubwa, nao umemdhulumu mwalimu aliyewafundisha watoto wale, maana waificha kazi yake.

Mwalimu huyo, Friedl Dicker-Brandeis, alizaliwa Vienna mwaka 1898, akafiwa na mama yake angali mdogo sana. Alisomeshwa sanaa na Johannes Itten, akamfuata mpaka chuo cha Bauhaus mjini Weimar, ambako wanafunzi wa Itten walifanya mazoezi ya pumzi na ya viungo kabla ya kushika kalamu. Mwaka 1934 alitiwa kifungoni Vienna kwa ajili ya siasa. Alipotoka alihamia Prague, akawafundisha kuchora watoto wa wakimbizi. Desemba 1942 yeye na mumewe, Pavel Brandeis, walipelekwa Terezín. Mzigo wa kila mtu haukuruhusiwa kuzidi kilo 50. Katika wake alipakia vifaa vya kuchorea.

Yafaa kuyatazama mazoezi yenyewe. Watoto walichora mistari kwa kufuata mdundo. Walichora vitu vilivyowekwa mezani mbele yao. Waliiga mpangilio wa picha za mafundi wa kale, na rangi zilipopungua walikata karatasi za ofisi zilizokwisha kutumika wakazibandika ziwe milima, miti na anga. Mwaka 1943 mwalimu huyo alitoa mhadhara mle mle kifungoni juu ya uchoraji wa watoto, akiwalaumu wakubwa wanaofanya haraka ya kuwafananisha watoto na nafsi zao. Hakukusudia kuwafanya wachoraji. Alitaka kila mmoja awe na saa ambayo macho, mkono na uamuzi ni vyake mwenyewe, katika mahali ambapo kitanda, chakula na safari viliamriwa na wengine.

Basi mtu akiijua kazi hiyo, ataliona ua kwa jicho jingine. Yamkini ni ua lililokuwa mezani siku ile. Mbingu nyeusi yaweza kuwa huzuni. Yaweza pia kuwa ni rangi iliyobaki katika kisanduku. Neno lina maana kwa kuwa wasemaji wake wamepatana, na asiyeijua aweza kuiuliza. Mchoro wa mtoto hauna mapatano hayo. Mwenye kuandika kamusi ya rangi na maumbo, akaitumia kwa mtoto asiyeweza tena kuulizwa, anatunga tu, ijapokuwa anatunga kwa huruma.

Mzozo huu wajulikana sana miongoni mwa waganga wa tiba ya sanaa huko Marekani. Margaret Naumburg, mmoja wa waanzilishi wake, aliuona mchoro kuwa usemi wa mambo yaliyofichika chini ya fahamu: mgonjwa achore, kisha aseme mchoro unamkumbusha nini. Edith Kramer alishika njia nyingine. Yeye alikuwa mwanafunzi wa Friedl huko Vienna, akamsaidia Prague, akahamia New York mwaka 1938. Katika kitabu chake cha mwaka 1958 alieleza kazi yake katika shule ya Wiltwyck, iliyopokea wavulana wa miaka 8 hadi 13, wengi wao wakiwa wametupwa au kutendwa vibaya na wale waliopaswa kuwalea. Kwake tiba imo katika kufanya kwenyewe: ghadhabu inayoweza kuvunja kiti huingia katika udongo wa kufinyanga, ikapata umbo. Baadaye, mwaka 1986, aliuita msaada wa mganga “mkono wa tatu”: mkono unaomwezesha mtoto kuendelea pasipo kumwingizia fikira ambazo si zake.

Hapa neno la Kiswahili lasaidia. Wazungu hutumia neno la Kiyunani lenye maana ya jeraha, na jeraha hutaka kufunuliwa lipate kutazamwa. Kiswahili chasema kiwewe, yaani hali ya mtu aliyeduwaa, asiyejua ashike lipi. Mtu wa namna hiyo hahitaji kwanza kuhojiwa. Ahitaji kitu cha kushika. Kramer angelielewa neno hilo upesi kuliko Naumburg.

Walakini upande wa Naumburg haustahili kupuuzwa. Wako watoto wa Terezín waliochora vitanda vya ghorofa, foleni ya chakula, hata mtu aliyenyongwa, na mwalimu aliyewazuia wasiseme hayo angekuwa mkatili. Tena kuyaita masomo yale tiba ni kusema zaidi ya ushahidi. Baadhi ya walionusurika walisimulia uzeeni kuwa saa ile iliwatoa Terezín kwa muda. Hilo ni kubwa, lakini si kupona, na wengi wa watoto hawakuishi hata swali la kupona likawahusu. Mwalimu mwenyewe alitiwa katika gari la moshi la tarehe 6 Oktoba 1944, akauawa Auschwitz siku chache baadaye. Michoro ilibaki Terezín katika masanduku mawili ya safari, na vita vilipokwisha ilikabidhiwa kwa jumuiya ya Wayahudi ya Prague.

Kuna jambo moja katika karatasi hizo ambalo ni lugha pasipo shaka yoyote. Friedl aliwataka watoto watie sahihi kazi zao, wasiwe nambari, na nyingi zina jina kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Kwa majina hayo makumbusho yameweza kuandika, kando ya michoro mingi, siku mtoto aliyozaliwa na siku aliyosafirishwa kwenda mashariki.