Usipige Rangi Kabla ya Kuuza Land Rover ya Zamani

Mwenye Land Rover Series IIA akitaka kuiuza, dalali humwambia aipeleke kwanza kwa fundi rangi. Ushauri huo unaua bei. Gari hili lilitengenezwa kati ya 1961 na 1971, na anayelitafuta leo analipia uhalisi wake. Rangi mpya humtia shaka: kuna nini chini yake?

Anza na namba. Ya chasisi imegongwa mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, usiisage, kwa sababu namba iliyoguswa na mashine ya kusaga humfanya mnunuzi afikirie wizi. Ya injini iko kwenye bloku, na hapo ndipo Land Rover nyingi za kwetu zinapopoteza thamani: injini ya petroli ya cc 2,286 ilishatolewa zamani, ikafungwa dizeli ya Kijapani ambayo spea zake hazisumbui. Kama yako bado ina injini yake na namba zote mbili zinalingana na kadi, litangaze hilo kabla ya kutaja matairi au viti. British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kinachotokana na kumbukumbu za kiwanda, kikionyesha gari lilivyotoka. Kwa mnunuzi wa nje, karatasi hiyo ina uzito mkubwa.

Bodi ni ya aloi ya aluminiamu, lakini chasisi ni ya chuma, na ndiyo inayooza. Mnunuzi mjuzi atalala chini aigonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Kwa gari lililokaa Tanga au Mombasa, atatazama pia mahali aluminiamu inapokutana na chuma, kwa maana chumvi huila ikawa unga mweupe.

Kisha mwonyeshe gia. Kitufe cha njano kikibonyezwa, magurudumu yote manne yavute; gari likisimama na mkono mwekundu ukavutwa nyuma, liingie gia nzito bila kelele. Mwache afanye mwenyewe.

Palipooza, piga picha na upataje kwenye tangazo, hata kama bei itashuka. Tafadhali, usimruhusu mtu yeyote alifunike kwa puti gari lililofika hapa likiwa zima.