Kisu, Sindano na Kipimo: Kazi ya Tabibu Alan Scott Ikitazamwa kutoka Goma

Katika mitaa ya Goma, kama katika miji mingine mingi, mtoto mwenye makengeza hupewa jina la kilema chake kabla wenziwe hawajalijua jina alilopewa na wazazi wake, na aghalabu hukua akiinamisha uso ili asitazamwe. Wazazi huambiwa kwamba amerogwa, au kwamba mama yake alivunja mwiko alipokuwa mja mzito, au kwamba atapona mwenyewe akikua, na neno hili la mwisho, kwa kuwa ni la upole na hukubalika upesi, ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote. Maksudi ya safu hii ni kueleza jinsi jicho lililokwenda upande linavyorudishwa mahali pake. Na kwa kuwa elimu hiyo haielezeki vyema pasipo mtu, nimemchagua tabibu aliyeitumikia umri wake wote, Alan Scott wa San Francisco, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2021, ambaye umaarufu wa dawa yake ulitokana na jambo ambalo yeye hakulikusudia.

Jicho la mwanadamu huendeshwa na misuli sita, minne ikienda moja kwa moja na miwili ikipita mshazari, na kila msuli una mpinzani wake, mithili ya watu wawili wanaovutana kamba wasishindane. Mmoja akizidi nguvu, au akili isipoyaamrisha macho mawili kwa pamoja, jicho moja hupotoka, na ubongo wa mtoto, kwa kuchukia kuona vitu viwili viwili, huipuuza habari inayotoka katika jicho lile hadi likazembea.

Upasuaji wa misuli hii ni mtoto wa upasuaji wa miguu. Stromeyer, Mjerumani aliyepata sifa kwa kukata kano za watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, alipendekeza mwaka 1838 kwamba jicho nalo lingeweza kutendewa vivyo hivyo. Na tarehe 26 Oktoba 1839, mjini Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach akamkata mvulana wa miaka saba msuli wa upande wa pua, zama ambazo dawa ya usingizi ilikuwa bado haijatumika katika upasuaji. Siku tatu baadaye Florent Cunier akafanya mfano wake katika nchi ya Ubelgiji. Nasaba hii hainishangazi mimi nikaaye Goma, mji ambao hospitali yake ya HEAL Africa ilianzishwa na Dakta Jo Lusi, ambaye ni tabibu wa mifupa, na ambao una kituo cha Shirika la Umoja kwa walemavu wa viungo: anyooshaye mguu na anyooshaye jicho ni mafundi wa karakana moja.

Lakini Dieffenbach alikata tu, hakupima. Msuli uliokatwa na kuachwa ulirudi nyuma kadiri ulivyopenda, ukashika popote, na watu wengi walioingia kwa tabibu macho yakiangalia puani walitoka siku za mbele yakiangalia masikioni. Iliwabidi watu kungoja hadi mwaka 1922, ambapo Jameson, Mmarekani, alionyesha kwamba msuli huweza kufunguliwa kisha ukashonwa kwa uzi nyuma ya mahali pake pa asili, kwa umbali aliouchagua tabibu mwenyewe. Hapo ndipo, kwa rai yangu, kazi hii ilipoacha kuwa ubahatishaji ikawa fani.

Leo hutendwa hivi. Kwanza upotovu hupimwa kwa vipande vya kioo vya pembe tatu, viitwavyo prizimu, tabibu akifunika jicho hili na kufunua lile huku akibadilisha vipande mpaka jicho litulie lisitikisike tena. Kifaa hiki hakihitaji umeme wala friji, na huingia katika mfuko wa koti. Upotovu wa kuingia ndani wa diopta 30 za prizimu huitaka misuli ya ndani ya macho yote mawili irudishwe nyuma milimita 4.5 kila mmoja. Ukiwa diopta 40, milimita 5.5. Mtoto akisha kulala kwa dawa, utando wa juu hupasuliwa kidogo, msuli hunaswa kwa ndoana, hutiwa uzi mwembamba uyeyukao wenyewe, hukatwa kutoka katika ukuta wa jicho, kisha hushonwa tena pale kipimo kilipoamuru. Nyuma tu ya msuli ukuta ule una unene wa milimita 0.3 hivi, na sindano yapasa ipite ndani yake isitokee upande wa pili. Fauka ya hayo, msuli wa jicho ukivutwa moyo huweza kupunguza mapigo ghafula, kwa hiyo mlinzi wa usingizi husikiliza kwa makini, na akipaza sauti, mpasuaji huuachia msuli mara moja na dawa ya atropini huwa tayari. Siwezi kuiita kazi ndogo shughuli ambayo nusu milimita huamua uso wa mtu.

Scott alizaliwa katika fani iliyokwisha kupata uzi, wala hakuridhika nao. Katika taasisi ya Smith-Kettlewell, pamoja na mhandisi Carter Collins, alizipima nguvu za misuli ya macho kana kwamba anapima mizigo bandarini, na swali lililomshughulisha lilikuwa hili: je, msuli hauwezi kudhoofishwa kwa dawa badala ya kisu? Akajaribu kwa nyani spiriti, sumu ya nyoka, na nyinginezo, ama zikachoma, ama zikaenea pasipotakiwa. Iliyofaa ilikuwa sumu ya botulini, ile ile inayoua watu kwa vyakula vilivyoharibika, aliyoletewa na mwanakemia Edward Schantz. Habari za nyani zilichapishwa mwaka 1973, za wanadamu mwaka 1980, na mwishoni mwa mwaka 1989 serikali ya Marekani ikaipa idhini kwa makengeza na kwa kope zinazojikaza. Kampuni ya Allergan ikainunua, ikaiita Botox, na dunia ikaifahamu kwa kufuta makunyanzi ya matajiri.

Hikima yake haikuwa katika sumu, bali katika namna ya kuipeleka. Sindano aliyoitumia ilikuwa pia sikio: iliunganishwa na chombo kinachoubadilisha umeme wa msuli kuwa sauti, na mgonjwa alipoambiwa atazame upande wa msuli unaotafutwa, mchakacho wa sauti ulipanda, tabibu akajua amefika, akatia dawa chembe kidogo mno. Msuli ulilegea kwa miezi miwili au mitatu. Katika muda huo mpinzani wake alijifupisha na wenyewe ukarefuka, hata dawa ilipokwisha nguvu, mara nyingine jicho lilibaki limenyooka. Sumu iliondoka, mizani ikabaki.

Je, haya yanatufaa Goma? Wengi hukimbilia kusema kwamba dawa hii hutaka baridi, na Goma haina baridi ya kutegemewa. Hoja hiyo siikubali. Katika maradhi ya Ebola yaliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika katika jimbo letu Juni 2020, chanjo iliyohitaji baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri na zaidi ilihifadhiwa hapa na kupelekwa vijijini. Baridi hupatikana ikiwa fedha na azma zipo. Kizuizi cha kweli ni kurudi. Sindano ya Scott hutaka mgonjwa aonekane tena, na mara nyingi adungwe tena, ilhali mtoto aliyeletwa kutoka Masisi au Walikale, katika mji uliobadilisha mikono Januari 2025 na ambao uwanja wake wa ndege ulifungwa siku zile zile, mama yake hawezi kuahidi miezi mitatu ijayo. Kwa mtoto huyo mimi nauchagua uzi wa Jameson, ushonwe mara moja, kwa kipimo.

Hata hivyo kuna sehemu ya kazi ya Scott isiyosifiwa, nayo hutuhusu zaidi. Uzeeni mwake aliuangalia upya mkasa uliojulikana kwa wapasuaji wa mtoto wa jicho, kwamba mgonjwa aliyetiwa ganzi nyuma ya jicho mara chache aliamka akiona vitu viwili, kwa kuwa dawa iliingia ndani ya msuli kwa bahati mbaya, ukajeruhika, na ulipopona ukawa mnene na mkakamavu kuliko kwanza. Wengine waliliona jambo hilo kuwa ajali. Scott aliona dawa. Mwaka 2007 yeye na wenzake walitangaza kwamba walitia bupivakaini kwa makusudi katika msuli dhaifu ili kuutia nguvu. Dawa hiyo ndiyo itumiwayo kuwatia ganzi ya mgongo akina mama wanaopasuliwa kwa uzazi, haidai baridi, na hospitali yenye chumba cha upasuaji aghalabu huwa nayo kabatini. Haijashika mahali pa kisu, nayo hutaka mkono uliofunzwa vilivyo. Lakini kama ningeulizwa ni tawi lipi la mti wa Scott lichipuzwe kwetu, ningeonyesha hilo kabla ya lile lenye jina kubwa.

Kwa mzazi asomaye haya nina ombi moja. Ikiwa mtoto wako amepita miezi minne na jicho lake lingali linakwenda upande, mpeleke kwa tabibu wa macho sasa, na kabla ya mazungumzo ya miwani, kisu au sindano, mwombe alitazame jicho mpaka ndani kabisa, kwa sababu makengeza huwa pengine ni alama ya kwanza ya saratani ya jicho la mtoto, na saratani hiyo ikigunduliwa mapema hutibika.